Sinema ya Selma na wale wana wawili

Jioni moja tulionyesha sinema katika ukumbi wa parokia. Kitambaa cheupe kilitundikwa ukutani, mashine ya umeme ikawekwa nje kusudi kelele zake zisiwasumbue watu, na kijana mmoja aliyesoma alisimama kando kutafsiri Kifaransa katika Kiswahili kwa ajili ya wazee. Sinema hiyo inaitwa Selma. Ilitengenezwa Marekani mwaka 2014 na mama mmoja mweusi, Ava DuVernay. Yaeleza habari za watu weusi wa jimbo la Alabama waliofanya maandamano mwaka 1965 kudai haki ya kupiga kura.

Karibu na mwisho, Rais Lyndon Johnson anasimama mbele ya Bunge na kutangaza kwamba sheria italetwa, na weusi watapiga kura kama raia wengine. Vijana wetu wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja wa Legio ya Maria, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, akauliza kwa sauti: "Wanangu, mnampigia makofi nani? Si ni huyu aliyewaambia wangoje?" Watu wakacheka. Lakini mashine ilipozimwa swali lile halikuzimika. Tulirudi nalo nyumbani, na kwa ajili yake tunaandika makala hii. Maana mwenye kutazama sinema hii bila kujibu swali la mama yule ameona picha tu, hakuona jambo.

Kwanza tuseme sinema yenyewe ni nini. Kuna sinema nyingi juu ya wakubwa, nazo huanza na kuzaliwa na kumaliza na maziko. Hii haifanyi hivyo. Haielezi maisha yote ya mchungaji Martin Luther King. Imekata kipande kimoja, miezi michache tu, ikakaa hapo. Twasifu uamuzi huo. Mtu hajulikani kwa kuhesabiwa miaka yake. Ajulikana siku ile anapolazimika kuchagua.

Mwanzoni kuna picha ambayo twaiona kuwa bora kuliko zote, nayo haina damu hata tone moja. Mama Annie Lee Cooper, mwanamke mweusi, ameingia ofisini kuandikishwa katika daftari la wapiga kura. Karani Mzungu anamwambia aseme kwa moyo utangulizi wa Katiba ya nchi. Anausema. Karani anamwuliza: Alabama ina mahakimu wangapi wa wilaya? Anajibu: 67. Karani ananyamaza kidogo, kisha anasema: Basi, wataje majina. Muhuri unapigwa: amekataliwa. Mama anatoka.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mjue kwa nini watu wale walitoka barabarani. Sheria ya Marekani ilikuwa imeandika tangu mwaka 1870 kwamba rangi ya ngozi isimzuie mtu kupiga kura. Karatasi ilisema ndiyo; karani alisema hapana. Katika wilaya ya Dallas, ambayo Selma ni mji wake mkuu, weusi walikuwa zaidi ya nusu ya watu, lakini kati ya weusi 100 wenye umri wa kupiga kura, walioandikishwa walikuwa 2 hivi. Wilaya jirani ya Lowndes ilikuwa mbaya zaidi: kati ya watu 5, weusi walikuwa 4, na mwanzoni mwa 1965 hapakuwa na mweusi hata mmoja katika daftari. Asiye na kura hawezi kumwondoa hakimu mbaya, wala mkuu wa polisi mbaya, wala karani mwenyewe. Mlango umefungwa, na ufunguo uko ndani.

Sasa fuateni njia ya mambo. Tarehe 18 Februari 1965, katika mji mdogo wa Marion, polisi walivunja maandamano ya usiku. Kijana Jimmie Lee Jackson, mwenye miaka 26, shemasi wa kanisa lake la Kibaptisti, alikimbilia mkahawani pamoja na mama yake na babu yake. Alipojaribu kuwakinga, askari wa jimbo alimpiga risasi. Akafa tarehe 26. Askari huyo alikiri kosa mahakamani mwaka 2010 tu, miaka 45 baadaye, akapewa kifungo cha miezi 6. Sinema inatuonyesha King akimfariji babu, mzee Cager Lee, mbele ya maiti ya mjukuu wake. Katika ukumbi wetu hakuna aliyekohoa.

Kutokana na kifo hicho watu waliazimu kutembea kutoka Selma mpaka Montgomery, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa kilomita 87 hivi, ili waseme na Gavana George Wallace. Dominika tarehe 7 Machi watu karibu 600 walianza safari, wawili wawili, wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams. Walipovuka kilele cha daraja la Edmund Pettus waliona ukuta wa askari. Daraja lile lina jina la jenerali aliyepigania upande wa utumwa, tena akawa mkubwa wa chama cha Ku Klux Klan katika jimbo lake. Askari wakawashambulia kwa rungu, kwa farasi, na kwa gesi ya kutoa machozi.

Mama DuVernay alipiga picha zake katika daraja lile lile. Amefanya kazi yake kwa kiasi. Moshi wa gesi unafunika kila kitu. Twasikia kuliko tunavyoona. Sauti ya mwandishi wa gazeti inasoma habari katika simu, kavu, bila kilio. Na mara kwa mara tunapelekwa katika nyumba za watu wa mbali, wamekaa mbele ya televisheni, mikono imesimama. Jambo hili ni la kweli. Usiku ule kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinaonyesha sinema juu ya hukumu ya mahakimu wa Hitler kule Nuremberg. Kikaikata, kikaonyesha daraja la Selma. Mamilioni ya Wamarekani waliokuwa wakihukumu dhambi ya wengine waliiona yao wenyewe.

Hapo sinema yatufundisha maana ya maandamano ya amani. Wako wanaodhani kuandamana ni kupiga kelele. Wengine wanadhani ni kupigwa na kuvumilia tu. Sivyo. Maandamano ni neno linalopelekwa kwa mtu fulani, yule mwenye kalamu ya kutia sahihi. Katika Injili ya Luka, Bwana wetu alitoa mfano wa mjane na kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane hakumpiga kadhi. Alikuja tu, akaja tena, akaja tena, hata kadhi akachoka, akamkatia haki yake. Watu wa Selma walikuwa mjane huyo. Tena walijua kwamba kadhi wao ana macho mengine yanayomtazama: magazeti, televisheni, na dunia nzima.

Je, wakubwa walijibu namna gani? Hapa ndipo uzito wa sinema ulipo, na hapa ndipo ilipoleta ugomvi.

Wa kwanza ni wale waliojibu kwa rungu: Jim Clark, mkuu wa polisi wa wilaya, na Gavana Wallace. Clark ni rahisi kumwelewa. Hasira yake iko usoni. Wallace ni wa kuogopwa zaidi, na sinema imelijua hilo. Anaongea kwa upole, amevaa vizuri, hashiki rungu. Akiulizwa kuhusu makarani, asema hilo si juu yake, ni kazi ya wilaya. Wangapi kati yetu wamekwisha kusikia jibu hilo katika ofisi fulani?

Wa pili ni Rais Johnson. Katika sinema, King anamwendea na kumwomba sheria ya kura. Rais anamsikiliza, anamheshimu, na kumwambia angoje. Ana mipango mingine, vita vya kuondoa umaskini. Baadaye, si sasa. Huyu si adui. Ni rafiki anayesema "haraka haraka haina baraka". Lakini methali hiyo ina ndugu yake: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye kuambiwa angoje ni yule mwenye tumbo linalouma. Mwenye kusema "ngoja" amekwisha kula.

Sinema ilipotoka, mzee Joseph Califano, aliyekuwa msaidizi wa Rais Johnson, alilalamika gazetini kwamba bwana wake ameonewa. Hata akadai kwamba wazo la Selma lilitoka kwa Rais mwenyewe. Tumelipima neno lake. Upande mmoja ana haki. Tarehe 15 Januari 1965 Johnson alizungumza na King kwa simu, na sauti zao zimehifadhiwa. Rais alimshauri atafute mahali ambapo weusi wanazuiwa kupiga kura kwa namna mbaya kuliko zote, akatangaze mbele ya watu wote. Huyo si mtu aliyeziba masikio. Tena sinema inatufanya tudhani kwamba Rais ndiye aliyeruhusu polisi wa siri kumpelekea mke wa King kanda ya kumwaibisha mumewe. Kanda hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa Novemba 1964, na ruhusa ya kusikiliza simu za King ilitolewa mwaka 1963, Kennedy akiwa Rais. Kumtwika mtu dhambi ambayo haijulikani kuwa yake ni kushuhudia uongo, hata kama mtu huyo ni mkubwa na amekufa. Hapa twaikaripia sinema wazi.

Lakini upande wa pili mzee Califano amekosa zaidi. King alikuwa amehutubia Selma tarehe 2 Januari, siku 13 kabla ya simu ile. Na kabla yake, Mama Amelia Boynton na wenzake wa mji, pamoja na vijana wa chama cha wanafunzi, walikuwa wakipeleka watu kuandikishwa na kufukuzwa. Kusema maandamano yalikuwa wazo la Ikulu ni kumwibia mjane miguu yake.

Basi Johnson tumhukumu namna gani? Injili ya Mathayo inatusaidia. Baba alikuwa na wana wawili. Akamwambia wa kwanza aende kazini shambani. Akakataa, lakini baadaye akajuta, akaenda. Wa pili akaitika vizuri sana, kwa heshima, wala hakwenda. Bwana akauliza: Ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba?

Johnson ni mwana wa kwanza. Alisema "si sasa". Kisha, baada ya Dominika ya damu, akaenda. Tarehe 15 Machi alihutubia Bunge, akatamka maneno ya wimbo wa waandamanaji wenyewe. Tarehe 6 Agosti 1965 alitia sahihi sheria. Sheria ile ilifuta mitihani ya hila, ikaruhusu serikali kuu kupeleka makarani wake, tena ikaagiza kwamba majimbo yenye desturi ya kuwazuia watu yasibadili kanuni za kura bila kuomba ruhusa kwanza. Matunda yalionekana upesi. Katika jimbo la Mississippi, kati ya weusi 100, walioandikishwa kabla ya sheria hawakufika 7. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Mwaka 1966 wapiga kura wapya wa Selma walisaidia kumwondoa Jim Clark katika kazi yake. Hawakumpiga, walitia karatasi sandukuni.

Kwa hiyo, mama yetu wa Legio, jibu letu la kwanza ni hili: ndiyo, ni yule aliyesema wangoje. Na ni yeye pia aliyekwenda. Makofi yaweza kupigwa, lakini kwa kipimo, na baada ya wale waliomtoa kitini.

Kuna mambo mawili katika ufundi wa sinema ambayo walimu watakaoionyesha hawana budi kuyajua. La kwanza, hotuba anazotoa King katika sinema si maneno yake mwenyewe. Haki ya kutumia hotuba zake ilikuwa imekwisha kupewa watu wengine, ndiyo sababu Mama DuVernay alitunga hotuba mpya kwa kufuata namna ya kusema ya King. Alizitunga vizuri, hata vijana wetu walitaka kuziandika daftarini. Tukawazuia. Anayetaka maneno ya King atafute hotuba zake mwenyewe.

La pili ni habari ya Jumanne tarehe 9 Machi. King aliongoza watu wengi mpaka darajani, wakapiga magoti na kusali. Askari wakafungua njia. King akasimama, akageuka, akarudi mjini, na wote nyuma yake. Sinema yatuonyesha kwamba uamuzi ulizaliwa pale katika sala. Sala ilikuwapo, nasi hatuidharau. Lakini kulikuwapo pia amri ya jaji iliyozuia maandamano kwa muda, na mjumbe wa Rais aliyepitapita kati ya pande mbili kutafuta mapatano. Vijana walikasirika, wakaona wamefanyiwa siri. Sinema imelainisha jambo hilo, na kwa kulilainisha imetunyima fundisho. Kiongozi mwema huweza kupatana na wakubwa ili kuokoa damu ya watu. Lakini watu waliomfuata wana haki ya kuambiwa. King hapungui kwa kuonekana akipima mambo kama binadamu. Mtakatifu wa sanamu hasaidii mtu. Mtu aliyehangaika akasimama, huyo twaweza kumfuata.

Usiku wa Jumanne ile James Reeb, mchungaji Mzungu kutoka Boston, alipigwa njiani na Wazungu wenzake, akafa siku ya pili yake kupita. Nchi nzima ilimlilia. Babu Cager Lee alimlilia mjukuu wake karibu peke yake. Sinema haifichi tofauti hiyo.

Sasa tuseme juu ya nyumba yetu wenyewe, maana mhakiki anayeogopa kufagia kwake asifagie kwa jirani. Katika sinema wanaonekana watu wa dini mbalimbali. Lakini habari ya Wakatoliki wa Selma haimo, nayo ilistahili kuwamo, kwa utukufu wake na kwa aibu yake.

Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Edmund walifika Selma mwaka 1937 kuwatumikia watu weusi. Hospitali yao ya Msamaria Mwema ndiyo iliyowapokea majeruhi wa darajani, na ndimo Jimmie Lee Jackson alimokufa. Padri wao Maurice Ouellet alisimama waziwazi na waliodai haki. Siku tatu baada ya Dominika ya damu walifika masista kutoka mji wa St. Louis. Kati yao alikuwamo Sista Mary Antona Ebo, mtawa mweusi, ambaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekuja kutoa ushuhuda. Na usiku wa mwisho wa safari kuu, tarehe 24 Machi, waandamanaji walilala katika uwanja wa misioni ya Mtakatifu Yuda huko Montgomery. Huo ndio utukufu.

Aibu nayo ni hii. Askofu mkuu wa jimbo lile, Thomas Toolen, alimkataza Padri Ouellet kuandamana. Alisema hadharani kwamba mapadri na masista waliotoka mbali wangekaa kwao na kufanya kazi yao. Katikati ya 1965 akaagiza Padri Ouellet aondolewe Selma. Tena jueni kwamba askofu huyo ndiye aliyekuwa amewaita mapadri wale miaka 28 mbele, na alijenga makanisa na shule kwa weusi. Hakuwa mtu asiye na upendo. Alipenda kuwapa, hakupenda wadai. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitamka, lakini ndani yake watu wengi wema wamepotea. Kama Mama DuVernay angetuonyesha padri yule akifunga sanduku lake, tungeelewa kwamba neno "ngoja" halisemwi Ikulu tu. Husemwa hata sakristia.

Tumefika mwisho wa sinema, na hapo tuna lawama iliyo kubwa kuliko zote. Tarehe 25 Machi watu 25,000 wanafika Montgomery. King anahutubia. Maandishi yanatokea katika picha kutuambia yaliyowapata watu hawa: nani aliuawa, kama Mama Viola Liuzzo jioni ile ile, nani akawa mbunge, kama John Lewis. Kisha wimbo. Wimbo huo, uliopewa zawadi ya Oscar mwaka 2015, unautaja mji wa Ferguson, ambako kijana mweusi aliuawa kwa risasi ya polisi Agosti 2014. Kwa hiyo sinema inakubali kwamba habari hii haikwisha. Lakini juu ya yaliyoipata baadaye sheria yenyewe, ile iliyonunuliwa kwa damu ya darajani, haisemi neno. Tunaondoka tukidhani iko salama.

Haikuwa salama. Tarehe 25 Juni 2013, mwaka mmoja kabla ya sinema kutoka, Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, ilifuta kifungu kilichotaja majimbo gani yaombe ruhusa kabla ya kubadili kanuni za kura. Sharti la ruhusa likabaki kama bunduki isiyo na risasi. Aliyeshitaki ni wilaya ya Shelby, ya Alabama ile ile. Bunge lingeweza kutengeneza kifungu kipya. Mwaka 2006 Baraza la Maseneta lilikuwa limeirefusha sheria hiyo kwa kura 98 bila hata moja ya kuipinga. Lakini baada ya 2013 wabunge hawakukubaliana.

Na tazameni sasa. Tarehe 7 Machi 2015, miaka 50 baada ya Dominika ya damu, Rais Barack Obama na Rais wa zamani George W. Bush walikuja Selma pamoja na wabunge wapatao 100 wa vyama vyote viwili. Walishikana mikono, wakavuka daraja pamoja na John Lewis. Picha zilikuwa nzuri. Obama aliwaomba wabunge wale warudi wakaitengeneze sheria. Walirudi Washington. John Lewis alifariki tarehe 17 Julai 2020, na kifungu kilikuwa bado hakijatengenezwa. Wakamsifu sana katika maziko.

Huyo ndiye mwana wa pili, wasomaji wapenzi. Ameitika vizuri, amevaa suti, amevuka daraja, wala hakwenda shambani. Sinema ya Selma imetufundisha kumtambua mwenye rungu na mwenye kusema "ngoja". Haikutufundisha kumtambua anayesema "ndiyo" na kukaa. Na huyu wa tatu ni mgumu kuliko wote, maana hapingi kitu. Utaandamana kwenda kwa nani, ikiwa mtu unayemwendea anaandamana pamoja nawe?

Mwaka 2020 tulimwona tena. George Floyd, mtu mweusi, alikufa tarehe 25 Mei mjini Minneapolis chini ya goti la polisi, na watu wengi sana wakatoka barabarani. Mahali pengine palitokea moto na unyang'anyi, na hayo hatuyasifu. Wengi zaidi walitembea kwa amani. Tarehe 1 Juni waandamanaji walifukuzwa karibu na Ikulu kwa nguvu, na Rais Donald Trump akaenda kusimama mbele ya kanisa na Biblia mkononi, apigwe picha. Siku saba baadaye wakubwa wa chama cha pili walipiga magoti bungeni, wamejivika vitambaa vya kente vya Kiafrika, nao wakapigwa picha. Sheria ya kurekebisha polisi yenye jina la Floyd ilipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2020, na tena mwaka 2021. Haikupita katika Baraza la Maseneta. Biblia ilirudi mfukoni na kente zikarudi kabatini. Siku zile zile Askofu Mark Seitz wa El Paso alipiga magoti kimya pamoja na mapadri wake, na Papa Fransisko akamshukuru kwa simu. Lakini askofu hatungi sheria. Goti la mchungaji ni sala. Goti la mbunge ni ahadi, na ahadi ni deni.

Sisi wa Kongo tunaifahamu habari hii hata bila sinema. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa walitoka makanisani na rozari na matawi mikononi, wakiomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari walipiga risasi, watu wengi wakafa. Jambo letu si la rangi ya ngozi: waliopiga na waliopigwa walikuwa weusi. Lakini majibu ya wakubwa yalikuwa yale yale. Kwanza risasi. Kisha "ngojeni". Mkutano ulifunguliwa tena Aprili mwaka ule ule, na hapo mjane alisikilizwa. Kisha zikaja hotuba, na baada ya hotuba twajua wenyewe ni miaka mingapi tuliyongoja kupiga kura ya kweli: mpaka 2006. Ndiyo maana katika ukumbi wetu wazee walilia darajani kuliko vijana.

Basi, sinema hii tunaisifu, nanyi mkiipata ionyesheni katika parokia zenu. Ina makosa tuliyoyataja, lakini haina ubaya. Inawaheshimu wafu, haichezei damu, inawaonyesha akina mama wakifikiri na kuamua, si kulia tu. Ila msizime mashine na kwenda kulala. Washeni taa, mwulize watu swali la mama wa Legio: mnampigia makofi nani?

Na jibu letu la pili ni hili. Mkubwa akisema hapana, mwendeeni tena kwa amani, kama mjane. Akisema ngoja, mwulizeni mpaka lini. Lakini akisema ndiyo, hapo zaidi ya popote msirudi nyumbani. Mfuateni mpaka shambani, mwone kama ameshika jembe.

Tena tusiwahukumu wana wa wengine tu. Gavana Wallace mwenyewe, amezeeka, yu katika kiti cha magurudumu, mwaka 1995 alikwenda kuwapokea watu wa Selma walipofika Montgomery kwa ukumbusho wa miaka 30. Wakamshika mkono. Alichelewa sana, lakini alikwenda. Mlango wa shamba haujafungwa. Na kila Dominika sisi nasi tunaitika "Amina" kwa sauti nzuri. Jumatatu baba hutazama shambani kama tumefika.